Swali la Lugha: Kumbukumbu imejaa, au hifadhi imejaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kazini tulikuwa tukibishana kuhusu kompyuta za zamani na intaneti ile ya kupiga simu. Nikasema kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 500. Mwenzangu akashikilia kwamba hiyo ilikuwa hifadhi, si kumbukumbu. Akanikosoa tena niliposema "data yote imepotea", eti lazima niseme "data zote zimepotea". Nani kati yetu amepatia?

Jibu: Marahaba. Kwenye kumbukumbu mwenzako amepatia. Kwenye data amekukosoa bure.

Katika kompyuta, kumbukumbu ni mahali ambapo mashine huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo. Umeme ukikatika, kilichomo kinafutika. Hifadhi ni diski, flopi (zile diski nyembamba za zamani za kuchomeka), sidii au flashi, ambako faili hubaki hata mashine ikizimwa. Hizo megabaiti 500 zako bila shaka zilikuwa za diski ngumu.

Hata hivyo, kosa lako lina mizizi ndani ya Kiswahili chenyewe, na ndiyo maana naliona kwa watu wengi, wakiwamo waandishi wazuri. Tunaposema "kumbukumbu za mkutano" tunamaanisha maandishi yaliyowekwa kwenye jalada ili yadumu. Kwa upande wa pili, mtu akisema fulani "amehifadhi Kurani", anamaanisha ameikariri, iko kichwani mwake. Kwa hiyo katika lugha ya kila siku kumbukumbu huweza kuwa kitu cha kabatini, na kuhifadhi kukawa kazi ya akili. Kompyuta ilipokuja, maneno haya yakagawiwa kazi karibu kinyume na hapo. Ongeza zile kadi ndogo za simu na kamera tunazoziita "memori kadi", ingawa kazi yake ni hifadhi tu, na utaona kwa nini watu huchanganya.

Mimi nasema tuushike mgawanyo huu bila kulegea, kwa sababu tukiulegeza hata historia inapotoka. Chukua Macintosh ya kwanza, kompyuta ya kampuni ya Apple ya mwaka 1984. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, haikuwa na diski ngumu ndani, na flopi yake ilibeba kilobaiti 400. Anayeandika kwamba "ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 400" amempa msomaji mashine ambayo haikuwapo. Au chukua huduma za mwanzo za barua pepe. Gmail ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti 1, wakati Hotmail ikitoa megabaiti 2 tu, na watu walikuwa wakifuta barua kila mara ili nyingine zipate kuingia. Kilichokuwa kikijaa pale ni hifadhi, au kwa neno jepesi zaidi, nafasi. "Nafasi imejaa" ni Kiswahili safi na hakimchanganyi mtu.

Kuna jozi nyingine katika mabishano ya aina hii ambayo hukuiuliza, lakini inaharibu hesabu zaidi: biti na baiti. Biti ni kipimo kidogo kabisa cha data, na baiti moja ni biti nane. Modemu za simu za mwisho, yaani vifaa vilivyounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, zilitangazwa kwa kasi ya 56, nayo ilikuwa kilobiti kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, laini ikiwa nzuri kabisa, kupakua kiasi cha flopi moja ya megabaiti 1.44 kulichukua dakika tatu na nusu hivi. Anayesoma "kilobaiti 56" atadhani ni sekunde 26, kisha atashangaa wazee wa intaneti walikuwa wanalalamikia nini. Irabu moja inabadilisha jibu mara nane, kwa hiyo iandikwe kwa uangalifu. (Na ni kupakua, si kupakia. Kupakia ni kupandisha faili kutoka kwako kwenda mtandaoni. Kupakua ni kuishusha kwako, kama mzigo unavyopakiwa na kupakuliwa.)

Sasa data. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki, sawa na "habari". Ukiichukulia kama kitu kimoja kwa ujumla, "data yote imepotea" ni sahihi. Ukifikiria taarifa nyingi moja moja, "data zote zimepotea" ni sahihi pia. Mwenzako pengine amevutwa na kanuni ya Kilatini, ambako data ni wingi, lakini upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili haupangwi na Kilatini. Kosa lingekuwa kuanza na "data hizi" kisha, katika sentensi hiyohiyo, kumalizia na "imepotea".

Kuhusu "kusevu", ambalo najua linatumika sana kazini, sina ugomvi nalo mdomoni. Kwenye maandishi andika "kuhifadhi".