Unawashwa viganja na nyayo bila upele? Kapimwe ini

Dada uliyeuliza, umesema una mimba ya wiki 32, unawashwa viganja na nyayo usiku kucha, na nyumbani wamekushauri upake mafuta ya nazi mpaka ujifungue. Naomba usisubiri, maana hayo niliyapitia hapa Masasi katika mimba yangu ya pili.

Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, hivyo wote tuliilaumu salfa, isipokuwa mama mkwe, aliyeshikilia kuwa ni mafuta ya maganda ya korosho ingawa sikuwa nimebangua hata moja. Mafuta yale huunguza na kuacha alama yalipogusa, ilhali mimi sikuwa na kipele chochote, ila michubuko niliyojitia saa nane za usiku nikisugua nyayo kwa gunzi la mahindi. Zahanati ya kwanza walinipa losheni ya upele, nikapoteza siku tisa. Mkunga wa kituo cha afya ndiye aliyeniuliza rangi ya mkojo, na nilipomjibu kuwa umeiva kama chai ya rangi, aliacha kuandika akanitazama.

Ugonjwa wenyewe ni kolestasisi ya ujauzito: nyongo hushindwa kutiririka vizuri kutoka kwenye ini, kwa sehemu kutokana na homoni za ujauzito, na asidi zake hujaa kwenye damu. Mama huteseka kwa muwasho, lakini hatari ni ya mtoto: asidi hizo zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, takribani watoto 3 kati ya 100 hufia tumboni, na ndiyo sababu mama wa namna hiyo huzalishwa kwenye wiki ya 35 au 36. Sampuli yangu ilipelekwa Dar es Salaam, ikasoma 58. Nikaanzishiwa uchungu wiki ya 38, na muwasho ukaisha siku chache baadaye.

Mdogo wangu aliwashwa pia, ila yeye alitoka upele ulioanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu. Huo unaudhi tu, haumdhuru mtoto. Malengelenge yanayoanzia kitovuni yanahitaji daktari.

Kesho omba vipimo vya ini na asidi za nyongo. Vikiwa vya kawaida na muwasho ukaendelea, virudiwe baada ya wiki moja, kwani muwasho huweza kutangulia majibu. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.