Kabla hujaandika "wavamizi"

Vijana wa uandishi hapa Dodoma huniuliza waanzie wapi kuripoti migogoro ya mipaka. Nawaambia waanze na neno moja: mvamizi. Mimi lilinifunza kwa aibu.

Miaka ya mwanzo niliandika habari za mpaka wa Kongwa, huku kwetu Dodoma, na Kiteto, mkoani Manyara. Afisa mmoja alinisimulia ofisini kwake, nami nikaandika "wavamizi kutoka Kongwa" bila kukanyaga shamba hata moja. Baadaye niko soko la mahindi Kibaigwa, mzee akanisogelea na gazeti lililokunjwa mara nne, akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mwanangu. Mvamizi wako ndiye mimi." Nikamwamkia shikamoo, sikuwa na lingine la kusema. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni stakabadhi ya kijiji, wino wa muhuri umefifia hadi hausomeki vizuri. Ardhi ile aliilipia, na waliompokea ni viongozi wa kijiji cha huko huko Kiteto.

Usidhani basi nilihamia upande wa mzee. Nilivuka mpaka, na mama mmoja wa Kimaasai akanitembeza kwenye njia ya ng'ombe wao kwenda lamboni. Katikati ya njia, mahindi yamefika kiunoni. "Ng'ombe hajui kusoma stakabadhi," akaniambia. Naye alikuwa na haki.

Tangu hapo, kabla sijauliza ardhi ni ya nani, nauliza: nani alikupa, lini, na alikuachia karatasi gani? Tafuta Tangazo la Serikali linaloeleza mpaka, nenda nalo porini, lisome mbele ya wazee wa pande zote mbili, mlima kwa mlima, korongo kwa korongo. Fanya hivyo mapema. Mwaka 2014 mapigano ya wakulima na wafugaji Kiteto yaliua watu, na damu ikishaanza kumwagika hakuna wa kukusubiri upime maneno.

Hata majina yana upande. Ukiandika Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi umeshasimama mahali, maana Tanzania na Malawi zingali zinabishania mpaka uliotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890.

Gazetini hapakuwa na nafasi ya stakabadhi na njia ya ng'ombe kwa pamoja, ndipo nikaandika kitabu. Neno wavamizi limo mara moja tu, kwenye ukurasa ninaoeleza kosa langu. Nakala ya kwanza niliipeleka Kibaigwa.