Usimsingizie mume wa mwenzako

Barua imetoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Kwa kifupi: wako watatu, marafiki tangu chuo kikuu. Mwandishi ni mkuu wa wafanyakazi katika kampuni inayohudumia migodi, wa pili ana duka la vitenge, wa tatu ni avoka, yaani wakili, ameolewa na ana mtoto mmoja. Waliapa kuinuana mpaka juu. Sasa avoka hapokei simu, hakufika kwenye sherehe ya mwenzake kupanda cheo, na amejitoa katika likelemba yao, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kuzichukua kwa zamu. Mwandishi anasema mume ndiye anayemfungia mkewe, na anauliza amwokoe vipi.

Mwanangu, pole. Kumpoteza rafiki wa miaka mingi kunauma kuliko kuachwa na mwanaume, na hakuna anayekuja kukaa nawe matanga. Pole hiyo inatosha, maana barua yako ina mambo.

Likelemba yenu ni dola 200 kila mtu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulikula wewe, 600 nzima. Mwezi wa pili, zamu ya mwenye duka, "mambo yalinibana kidogo". Mwezi wa tatu, zamu ya avoka, yakakubana tena. Na katikati ya kubanwa huko, kwa maneno yako mwenyewe, ulinunua viti vipya vya sebule ili wageni wa sherehe wasikucheke! Kisha unalalamika kwamba mume wa mtu "anajitia katika pesa zetu". Pesa zenu zipi? Wewe una deni la 400.

Kuna jambo umelipitia mbio. Avoka alitegemea zamu yake alipe kodi ya kabine, ofisi yake ya uwakili. Pesa hazikutimia, mume akajazia kutoka mfukoni mwake. Wewe unalileta kama ushahidi kwamba anataka kumtawala. Mwanaume anayetaka kuua kazi ya mkewe halipi kodi ya ofisi yake. Anaiacha ifungwe, kisha anakaa mezani, anakata bukari, ugali wetu, na kusema: si nilikuambia? Wa namna hiyo nawajua, tena wengi. Huyu nampa haki yake.

Umenitajia na sheria, eti tangu 2016 mwanamke haombi tena ruhusa. Ni kweli. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo mengi ya kisheria, na mama zetu walinyanyaswa sana na kifungu hicho. Marekebisho ya 2016 yalikiondoa, yakasema mume na mke wapatane. Wapatane, wote wawili. Kwa hiyo mume wa avoka akiuliza pesa ya nyumba yake imekwenda wapi, ana haki ya kujibiwa, na anayepaswa kujibu ni wewe.

Nyinyi wasomi wa leo mna maneno matamu ya kuinuana. Mnavaa kitenge cha sare, mnapiga picha, mnaandikiana "malkia". Lakini anayepanda cheo anashangiliwa na ukumbi mzima, na aliyekesha na mtoto mwenye malaria anaulizwa kwa nini hakuja kucheza. Ndiyo, nimeona: mtoto alilazwa wiki ile ile ya sherehe. Umeliandika ndani ya mabano. Hospitali hukwenda.

Dawa ya deni ni kulipa. Viuze viti ikibidi. Anza na mwenye duka, kwa sababu amenyamaza na hakukusema kwa mtu. Kisha nenda kwa avoka jioni mume akiwepo, umkabidhi 200 mbele yake, umsalimu kwa heshima, umuulize hali ya mtoto. Habari za cheo chako usizitaje siku hiyo.

Ukimaliza, niandikie tena kuhusu yule mchumba wa Kolwezi uliyemtaja kwa mstari mmoja tu, anayekukopa kila mwisho wa mwezi. Huyo nina maswali naye.