Wapangaji wa marehemu baba hawanilipi kodi

*Assalaam alaykum Bibi. Baba yetu kafariki, kaacha mama, kaka yangu na mimi. Madeni yake yamelipwa, mirathi imegawiwa kwa Kadhi. Kaka na mama wamechukua shamba, mimi nimepata nyumba ya Mwanakwerekwe yenye vyumba vinne vya kupangisha, shilingi 80,000 kila chumba. Wapangaji wawili wanalipa vizuri. Wa tatu ni kijana anayefanya kazi hoteli Paje, ana deni la miezi mitano: mmoja wa uhai wa baba, miwili kabla ya mgao, miwili baada yake. Kila nikimfuata ananambia baba alikuwa akimngoja. Wa nne ni bibi muuza maandazi, yupo pale tangu mimi sijaanza skuli. Analipa elfu kumi leo, elfu tano wiki ijayo, na nyengine anasema alimpa kaka. Naona haya kumdai. Kaka anasema nipige kufuli. Nifanye nini?*
*Mrithi, Mwanakwerekwe*

Waalaykum salaam mwanangu. Mungu amrehemu baba yenu.

Kufuli usipige. Mpangaji hatolewi kwa kufungiwa mlango, kutolewa vyombo nje wala kukatiwa umeme. Anatolewa kwa amri ya mahakama. Ukimfungia, kesho yeye ndiye atakayekwenda kushitaki, na deni lako litabaki pale pale. Isitoshe, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu Unguja na Pemba, ijara, yaani makubaliano ya kupangisha, haivunjiki kwa kufa mwenye nyumba. Makubaliano waliyokuwa nayo na baba umeyarithi pamoja na kuta. Kama yuko aliyemlipa baba miezi ya mbele na ushahidi anao, muhisabie miezi yake mpaka iishe.

Sasa tuje kwenye deni la kijana, kwa sababu hapa ndipo warithi wengi wanapokosana wao kwa wao kabla hawajakosana na mpangaji. Miezi mitano ni shilingi 400,000, lakini si zako zote. Ule mwezi wa uhai wa baba ni mali ya marehemu, na miwili ya kabla ya mgao ni kodi ya nyumba iliyokuwa bado ya warithi wote. Kama hamkuandikiana vyengine wakati wa kugawa, miezi hiyo mitatu, yaani 240,000, inagawiwa kama mirathi yenyewe: mama thumni yake, moja ya nane, 30,000, kaka 140,000, wewe binti 70,000. Miezi miwili ya baada ya mgao, 160,000, ndiyo yako peke yako. Kwa hiyo ukitaka kumsamehe kijana, samehe kilicho chako. Fungu la mama huna ruhusa ya kulisamehe, hata kama ni dogo. Mama na kaka wakuandikie karatasi kwamba wamekupa uwakala wa kudai mafungu yao. Bila ya hiyo mpangaji ana haki ya kukuuliza wewe nani.

Na swali hilo wapangaji wanalo moyoni hata kama hawalitamki. Mwenye nyumba akifa, mpangaji huogopa kulipa mara mbili: leo kampa huyu, kesho anakuja mwengine anadai yeye ndiye mrithi. Waite wote wanne siku moja baada ya alasiri, mama na kaka wawepo, uwaoneshe nakala ya hati ya mgao. Kaka aseme kwa mdomo wake kwamba kuanzia leo yeye hapokei kodi. Taja akaunti moja ya benki au namba moja ya simu, yenye jina lako. Fedha za mkononi zipokelewe kwa risiti tu, na asipewe mtoto wala jirani akufikishie.

Siku hiyo hiyo muulize kaka mbele ya yule bibi: alipokea ngapi, na za mwezi gani? Alichokubali kupokea kinafutwa kwenye deni la bibi. Kama ni kodi ya kabla ya mgao, kinakatwa kwenye fungu la kaka. Kama ni ya baada ya hapo, akurejeshee wewe. Asichokikubali na bibi hana ushahidi nacho, kaeni na sheha, kiongozi wa mtaa wenu, mkiandike kuwa kina ubishi, musikitie kwenye hisabu mpaka kiamuliwe. Kuhusu haya zako, mwache mama ndiye aanze mazungumzo. Mtu mzima kwa mtu mzima wanaelewana. Bibi huyu pato lake ni la kila siku, kumngojea mwisho wa mwezi ni kumtafutia kushindwa. Mpangie 20,000 kila Ijumaa, wiki nne za mwezi. Mwezi wenye Ijumaa tano, ile ya tano iende kwenye deni. Elfu tano tano zinapotea kwa sababu haziandikwi, na pengine bibi amelipa zaidi ya unavyodhani.

Kijana wa hoteli ni mambo mengine. Masika wageni hupungua, hoteli za pwani hupunguza watu au hufunga, kwa hiyo mtu wa Paje akichelewa Aprili na Mei si lazima awe mjanja. Kuanzia Julai kazi hurudi. Mpangie 50,000 kila mwezi juu ya kodi yake, Julai mpaka Februari: miezi minane, 400,000 imeisha kabla ya masika nyengine. Fedha za mwanzo ziende kwenye deni la warithi. Itakapofika Novemba mama na kaka wameshapata zao. Ukimtaka alipe yote kwa miezi miwili atakubali kwa woga, kisha atahama usiku.

Kwenye kila risiti andika fedha ni za nini: "kodi ya Julai 80,000, deni la zamani 50,000". Ukiandika 130,000 bila ya maelezo, baada ya miezi mitatu hamtajua mwezi gani umelipwa, na yeye atasema deni limekwisha. Nunua kitabu cha risiti chenye nakala, mutie saini nyote wawili. Aya ya deni katika Suratul Baqara, ya 282, imetuamrisha kuandika, basi kuandika si kumdhania mtu vibaya. Aya ya 280, kabla yake kidogo, inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa mwenye dhiki. Muhula una tarehe. "Nitakulipa tu" si muhula.

Kisha kila mpangaji, hata wale wawili wazuri, aandikiane nawe mkataba wa ukurasa mmoja: jina na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, chumba, kodi, tarehe ya kulipa, siku tano za kuvumiliana, nani anatengeneza nini, na notisi ya miezi mingapi kila upande. Nakala tatu, moja yako, moja yake, moja ya sheha. Kama mita ya umeme ya Tukuza ni moja kwa vyumba vyote, mchango wa umeme uwe na daftari lake mbali na kodi. Ugomvi wa friji ya mmoja usije ukawa sababu ya wote kutolipa.

Siku ya sita bila ya malipo, mtumie ujumbe. Siku ya kumi nenda na mtu mmoja mzima, bila ya kupaza sauti uwani. Mwezi wa pili ukipita, mpe barua na nakala kwa sheha awasuluhishe. Ikishindikana hapo, toa notisi kwa mujibu wa mkataba, kisha mahakamani na lile daftari lako.

Kodi usiipandishe sasa. Kwanza pita chumba kwa chumba uangalie mabati na vyoo, maana mpangaji anayedaiwa ndiye wa kwanza kusema panavuja, na mara nyengine kweli panavuja. Kama aliezeka bati kwa fedha zake kwa ruhusa ya baba, akuoneshe risiti ya duka na bati lenyewe, umkatie kwenye deni.