Mzigo kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya: anza na asili ya bidhaa

Makubaliano ya biashara ya Desemba 2020 kati ya pande hizi mbili yalitangazwa kuwa ya ushuru sifuri, na wafanyabiashara wengi waliishia kusoma hapo. Sifuri hiyo ni ya bidhaa yenye asili ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya, yaani iliyozalishwa huko kwa kufuata kanuni za mkataba huo, na anayedai nafuu ndiye anayetakiwa kuithibitisha. Matamko ya forodha nayo yamekuwa lazima tangu 1 Januari 2021, hata kwa mzigo usiodaiwa senti.

Chukua fulana za pamba zilizoshonwa China. Zikiingia Uingereza zinatozwa ushuru wa asilimia 12. Duka la Dublin likiagiza katoni kumi kutoka ghala la Uingereza, zinatozwa 12 nyingine zikiingia Ireland, maana kulala ghalani hakuzifanyi kuwa za Uingereza. Kuzipiga pasi, kuzibandika lebo na kuzifunga upya hakusaidii pia. Mkataba umezitaja kazi hizo kuwa hazitoshi kubadili asili. Njia ya kukwepa kulipa mara mbili ni kuziweka kwenye ghala la forodha: ushuru wa Uingereza unasubiri, na zinazovuka zinalipiwa upande wa pili tu. Kama unajua mapema kiasi gani kitakwenda Dublin, gawanya oda hukohuko China. Ni rahisi kuliko ghala lolote.

Bidhaa yenye asili halali inahitaji tamko la asili kwenye ankara, kwa maneno yaleyale ya mkataba. Kuandika tu "imetengenezwa Uingereza" hakutoshi, na hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Muuzaji wa Uingereza anaweka namba yake ya EORI (ya utambulisho wa forodha). Wa Umoja wa Ulaya anahitaji namba ya REX (ya wauzaji nje waliosajiliwa) mzigo ukizidi euro 6,000. Tamko linadumu miezi 12. Mnunuzi aliyelipa ushuru kwa sababu karatasi ilichelewa anaweza kudai arudishiwe ndani ya miaka 3 tangu mzigo uingie.

Namba ya HS, inayotambulisha aina ya bidhaa kwa forodha, usiinakili tu kwenye ankara ya msambazaji. Tarakimu 6 za kwanza ni za dunia nzima, zinazofuata kila upande una zake. Kanuni ya asili inatafutwa kwa namba hiyohiyo, kwa hiyo ukikosea namba unajikuta unathibitisha kanuni isiyokuhusu.

Dover kwenda Calais, msimbo pau wa matamko ya Ufaransa unaskaniwa kabla ya kuvuka. Lori likiwa bado njiani mfumo wa forodha unalipangia rangi: kijani linapita, machungwa linakwenda kwa maofisa. Penye mzigo wa wenye mali wengi, tamko moja la machungwa linawazuia wote. Muulize msafirishaji mzigo wako umepakiwa pamoja na mizigo ya nani. Nyama na maziwa vinahitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, na kosa dogo kwenye cheti cha jirani litaozesha ratiba yako. (Hata sandwichi ya nyama ya dereva imewahi kuchukuliwa.)

Paleti za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za kufungashia) wenye herufi HT, yaani mbao imepashwa joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30.

Kubalianeni nani analipa kabla ya kupakia. Kwa DAP (muuzaji anafikisha mzigo bila kulipia ushuru), mnunuzi analetewa bili ya VAT na ushuru, na asiyeambiwa mapema hukataa mzigo mlangoni. Kwa DDP (mzigo unafikishwa ushuru ukiwa umelipwa) bili ni ya muuzaji, na kwa kawaida atalazimika kusajiliwa VAT katika nchi ya mnunuzi. Mzigo ukikataliwa, usitupe tamko la forodha la kuutoa nchini: bidhaa iliyorudi bila kubadilishwa ndani ya miaka 3 inaweza kuingia bila ushuru, lakini ofisa atataka kuona kwamba ni ileile iliyotoka.