"Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Wiki yangu ya pili ya kuchunguza kima katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, upande wa Buyangu, hondohondo walipita juu yetu mabawa yakivuma. Niliinua kichwa. Nilipokishusha, kima jike niliyekuwa nikimfuata naye alikuwa ametazama juu. Nikaandika kwa furaha: "Saa 3:40, ametazama juu." Jioni msimamizi wangu aliusoma ukurasa ule akaniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Sikuwa nimeandika. Huenda kima aliwasikia ndege, huenda alifuata kichwa changu. Mstari ule ulifutwa, pamoja na kurasa nne zilizoutangulia.

Kwa hivyo ninyi mnaoanza sasa, tengeni safu daftarini ya kuandika kichwa chenu wenyewe kimeelekea wapi. Nasema kichwa, si macho, na nina sababu. Mwaka 2007 Michael Tomasello na wenzake, huko Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio lililohusu sokwe mtu, bonobo na gorila. Mara mtafiti aliinua kichwa na macho kuelekea dari, mara kichwa tu huku amefumba macho, mara macho tu huku kichwa kimetulia. Sokwe hao walifuata zaidi kichwa, hata cha aliyefumba macho! Watoto wa binadamu wa miezi 12 na 18 walifuata zaidi macho. Jicho letu lina weupe unaoonekana wazi, na watafiti hao wanaona huenda ndio unaotusaidia kushirikiana.

Lakini sokwe hafuati kama kivuli. Akitazama ulikotazama asione kitu, hurudi kukukagua uso, kama mtu aliyeitwa bure. Kukiwa na kizuizi, husogea achungulie nyuma yake. Mchezee hivyo mara nyingi, atakupuuza.

Msiyahamishie matokeo hayo kwa kima, maana kima si sokwe (nyumbani tunawaita wote nyani, daftarini hapana). Sokwe mtu mtawaona kwenye hifadhi ya Sweetwaters, Laikipia, walikohifadhiwa tangu 1993. Kwenye misitu yetu hawapo.

Msiwakodolee kima macho pia, wengi wao huona ni vitisho. Na kuinua darubini ni tendo, liandikwe.

Mkiwa wawili, mmoja aandike kima, mwingine aandike mwenzake. Inachosha, na waongoza watalii watawacheka. Mwenzangu walimbandika jina "kima wa pili". Ila mistari yangu siku hizi inasomeka hivi: "3:40:10, mimi juu. 3:40:12, kima juu. Ndege: hakuna."