Siagi ya kamba juu ya steki: vichwa msitupe jamani

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, "Dada, ile siagi ya rangi ya machungwa uliyoweka juu ya steki inauzwa wapi?" Haiuzwi mpenzi, naitengeneza mwenyewe, na kuijua kumenitoa machozi, kwa hiyo leo ngoja nikae niwaeleze vizuri.

Mwaka juzi nilipata oda ya watu 20, anivasari, mteja anataka steki yenye kitu cha baharini. Nikaona rahisi tu, nikachukua kamba wabichi nikawasaga kwenye blenda, nikachanganya na siagi, nikaweka friji. Ile kuiweka juu ya nyama ya moto ikaachana palepale, mafuta huku, maji huku, vinyama vyeupe katikati, na shombo tupu. Kamba mbichi kabisa nawalisha watu, leo nikifikiria nasikia baridi. Sahani zikarudi jikoni nyama imesukumwa pembeni. Mwenye shughuli hakunigombeza, alinikata nusu ya hela na hajanipigia tena mpaka leo, na Jumapili tunakaa kanisa moja. Bado inaniuma.

Sasa Jumamosi iliyopita nimepikia watu 18, sahani zimerudi nyeupe, na mzee mmoja kaja mpaka jikoni kuomba nimfungie siagi iliyobaki aende nayo nyumbani. Nililia mimi.

Kilichobadilika ni kwamba nilikuja kuelewa ladha ya kamba iko kwenye vichwa na maganda, yaani vile tunavyotupa. Naenda Feri, soko la samaki, asubuhi nanunua kilo 1 wenye vichwa, nyama yake tunaila nyumbani na nazi. Vichwa na maganda naosha, nakausha na kitambaa, nageuzageuza kwenye kikaango kikavu mpaka viwe vyekundu na jiko zima linukie kamba wa kuchoma. Hapo ndo natia siagi isiyo na chumvi robo kilo, moto mdogo kabisa, naponda vichwa kwa mwiko ule uji wa ndani utoke, dakika 25 hivi. Utaiona siagi inabadilika yenyewe, maana ile rangi inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki. Chuja kwa kitambaa safi, kamua mpaka tone la mwisho.

Wengi wanaharibu hapa, wanaipeleka friji hivyohivyo inaganda chengachenga. Iache ipoe ianze kushika, halafu ipige pamoja na robo kilo nyingine ya siagi laini ambayo haijapita motoni. Tia swaumu punje 2 zilizopondwa, pilipili manga, chumvi, na ganda la ndimu la kukwangua, lile la kijani tu, jeupe lina uchungu. Viringisha kwenye nailoni kama soseji, friji masaa 3.

Ukikosa kamba tumia uduvi, pepeta mchanga, kaanga bila mafuta, saga, vijiko 2 kwa robo kilo ya siagi. Chumvi usiongeze kabla hujaonja, uduvi wana yao.

Steki iwe nene vidole viwili, na siagi usiitie kikaangoni itaungua. Toa nyama motoni, weka kipande juu, iache ipumzike dakika 5, ikiyeyuka inachanganyika na maji ya nyama na hiyo ndo sosi yako.

Na wapishi wenzangu wa oda, tuheshimu hela za watu, kitu kipya kijaribu kwako mara 3 kabla hujakipeleka kwenye shughuli ya mtu. Halafu uliza aleji, uliza tena, siagi hii ukiitazama hujui kama ina kamba na kuna mtu kamba anamfunga pumzi.

Dada wa inbox, wale kamba waliomenywa wa kwenye friza za supamaketi usiwanunue kwa kazi hii, hawana vichwa wale.